Sentensi ya Mlangoni

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili la ofisini. Shuleni na mtaani, mpaka kwa daktari wa meno, aliitwa Bi Mlango. Wageni walidhani ni kwa sababu ya umbo, maana alikuwa mama aliyejaa, na akisimama kizingitini huoni uwanja. Sivyo. Jina lilitokana na jambo alilolifanya kila siku ya shule kwa miaka ishirini na miwili, jambo ambalo lilishamkosanisha na walimu wakuu watatu.

Saa sita na nusu mchana kengele iligongwa, na watoto wa madarasa ya chini wakatoka mbio wakitimua vumbi. Darasa la pili halikutoka. Bi Mlango alivuta kiti chake cha mbao akakiweka ubavuni mwa mlango, na watoto arobaini na mmoja wakajipanga mbele yake, mikoba mgongoni. Hakuna aliyetoka mikono mitupu. Kila mmoja alitoa sentensi moja ya kwake mwenyewe, isiyosemwa na mwenzake siku hiyo.

Masharti yalikuwa matatu: iwe ya kweli, iwe kamili, na isikike. Ya kweli, yaani umeiona, umeisikia au umeitenda. Kamili, usituache tukiulizana imekuwaje. Na isikike na nani? Hapo ndipo palipokuwa na ujanja wake. Isikike na mtoto aliyekutangulia kutoka, ambaye alitakiwa kusimama nje, hatua tatu kutoka kizingitini, asikilize. Akilipata kila neno alisema, “Nimesikia. Pita.” Asipolipata, unarudia. Kiranja ndiye aliyetangulia nje kumsikiliza wa kwanza, na kuanzia hapo watoto walipitishana wenyewe. Bi Mlango alikaa tu kwenye kiti chake. Hakuwa na mamlaka ya kumpitisha mtu, na alilisema hilo wazi kwa yeyote aliyejaribu kumbembeleza.

Sentensi zenyewe zilikuwa za kuvunja mbavu. “Paka wetu amezaa juu ya shati la baba la kazini.” “Babu amenunua meno mapya lakini anayaogopa.” Zilikuwapo pia za kukukata maini, kama ile ya binti mmoja mdogo: “Jana nilimwona dada akilia jikoni, na vitunguu havikuwepo.” Bi Mlango alizibeba nyumbani moja moja, akamsimulia mumewe wakinywa chai ya jioni. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na miwani ya kukuzia, na utani wake ulikuwa mmoja kwa miaka yote hiyo: “Mimi natengeneza saa, mke wangu, wewe unazisimamisha.”

Tusidanganyane. Wapo watu wanaodhani mtoto akishajua kulia na kudai chakula basi kuzungumza kumemfika, kazi ya shule ni kumpa kalamu tu. Bi Mlango hakuwa na simile na watu hao. Kwake kusema vizuri ilikuwa kazi ya mdomo, nayo hufundishwa kama kazi yoyote ya mkono, kwa zana na kwa mazoezi. Kwenye droo ya meza yake kulikuwa na vioo vidogo vinne. Mtoto aliyekuwa akisema “selasini” alipewa kimoja ajiangalie: ulimi uchungulie kati ya meno, ndipo utapata “thelathini”. Anayechanganya p na b alishikiwa ukanda mwembamba wa karatasi mbele ya midomo. Kwa p karatasi iruke, kwa b itulie. Aliyeshindwa kusema “ng'ombe” aliambiwa abane pua yake mwenyewe kwa vidole viwili. Sauti ikikatika, mwalimu alitabasamu, maana hiyo ndiyo dalili kwamba inapita panapotakiwa.

Ukimaliza sauti unaingia kwenye kamba. Kamba yake ya kuanikia ilikatiza darasa kutoka msumari hadi msumari, na juu yake vibanio vya nguo vilishika maneno yaliyoandikwa kwenye vipande vya maboksi. Nani, anafanya nini, wapi, lini. Watoto waliyahamisha mpaka yakakaa sawa. Kitenzi alikiita mpishi. Mtoto akisema “Mimi na dada sokoni jana,” Bi Mlango alishika kiuno na kuuliza, “Watu wote wamekaa mezani wanaangaliana. Mpishi yuko wapi?” Na mtoto alikwenda kumtafuta mpishi kwenye boksi chini ya ubao, akarudi na “tulikwenda”, akambana kwenye kamba kwa furaha.

Mwaka ule benchi la mbele alikaa msichana ambaye wenzake walimwita Taratibu. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Maneno yalikuwa yakimtoka moja moja, na kati ya neno na neno ungeweza kufunga kamba za viatu vyote viwili. Alipoanza mwaka, sentensi yake ya mlangoni ilikuwa “Mama”. Bi Mlango alimwambia, “Mama yupo mezani. Tunamngoja mpishi,” akamngoja kweli, watoto wengine nyuma wakipigana mikoba, mpaka “anashona” ikatoka. Ilichukua dakika mbili na nusu.

Siku hiyo hiyo aliliwekea darasa sharti la nne: mtu asimmalizie mwenzake neno. Asimsaidie, asimtilie pumzi, asimtazame kwa huruma. Angoje tu. Watoto walilalamika siku tatu, ya nne wakazoea. Na kwa kuwa mama yake Taratibu alikuwa fundi cherehani, duka lake likitazamana na lango la shule ng'ambo ya barabara, herufi r iliyomshinda alifundishwa kwa cherehani. “Mashine ya mama inaliaje?” “Trrrrr.” “Basi hiyo hiyo. Ipeleke kwenye harusi.” Kufikia muhula wa tatu binti alisimama mlangoni akatamka, kwa mapumziko yake, “Mama anashona gauni la bibi harusi.” Maneno sita. Jioni ile Bi Mlango alimsimulia mumewe mara mbili, kana kwamba alikuwa hakusikia mara ya kwanza.

Sasa tuje kwa mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba. Foleni ya mlangoni ilichukua dakika kumi na nane, na kwa dakika hizo kumi na nane wazazi waliokuja kuchukua watoto walimwandama ofisini kila wiki. Wiki tatu kabla ya kufunga muhula alimwita Bi Mlango, akafunga mlango, akaweka mezani bahasha ya kaki.

“Mkaguzi wa somo la kuzungumza anakuja Jumanne ile nyingine,” alisema. “Nimepata maswali yake kwa rafiki yangu wa shule aliyotoka kuikagua. Ni ishirini, hayabadiliki. Anaanzia benchi la mbele upande wa dirisha, anakwenda kwa mstari, kila mtoto swali moja.”

“Watoto wangu hawahitaji bahasha, mwalimu.”

“Pengine. Lakini sikiliza. Darasa lako likifanya vizuri, kaa na mlango wako mpaka ustaafu, sitakugusa. Likiharibu, foleni ile inakufa siku hiyo hiyo, na muhula ujao unakwenda kutunza stoo ya vitabu. Nimechoka kujibu wazazi.”

Bi Mlango aliichukua bahasha ile, akaicheka mpaka alipofika kwenye korido. Huko akasikia darasa la jirani likijibu kwa sauti moja, swali jibu, swali jibu, bila kusita hata kidogo. Akawafikiria watoto wake: yule anayeanza kila jibu na “eti”, yule anayecheka akiulizwa jambo na mtu mgeni. Akamfikiria Taratibu. Akaiona stoo ya vitabu, ambayo haina dirisha na mlango wake hufungwa kwa nje. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili aliogopa, na mtu mwenye kujiamini akiogopa huogopa vibaya, kwa kuwa hana mazoezi.

Akafungua bahasha.

Wiki mbili vioo vilikaa ndani ya droo. Watoto ishirini wa mwanzo kila mmoja alipewa jibu lake, akalikariri, akalisema mwenzake akimaliza lake, kwa mpangilio wa kukaa, asubuhi na kabla ya kengele. Yalikuwa majibu mazuri, kamili, kila neno mahali pake. Hayakuwa ya kweli. Wa nne katika mstari alikuwa Taratibu, na jibu lake lilikuwa “Ninaishi nyumbani na baba, mama na ndugu zangu,” ingawa kwao hakukuwa na baba wala ndugu. Kila darasa lilipopaa kwa mwendo mzuri hadi kwa wa tatu, kwa wa nne lilisimama. Lilingoja. Halafu likaendelea. Bi Mlango, aliyewafundisha wengine kungoja, alianza kutazama saa yake ya mkononi.

Jumatatu baada ya masomo alivuka barabara akaingia kwa fundi cherehani. Mama huyo alikuwa mdogo wa kutosha kuwa binti yake. Alipomwona aliondoa mguu kwenye kanyagio na kusimama.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Sikai. Kesho tuna mgeni shuleni. Nilikuwa naona mtoto apumzike nyumbani, siku moja tu.”

Fundi alikunja kitambaa kilichokuwa mikononi mwake, akakikunjua. “Amefanya kosa?”

“Hapana, hata kidogo. Ni huyo mgeni, ana haraka.”

“Haya, mwalimu. Wewe ndiye unayejua.”

Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa imani kamili, na ndiyo maana Bi Mlango alitoka pale akiwa na aibu iliyomshuka mpaka miguuni. Nyumbani mumewe alimmiminia chai, akangoja. Baadaye akauliza, “Leo hakuna sentensi?”

“Hakuna.”

Fundi saa alivua miwani yake, akamtazama, akaivaa tena. Ni mtu aliyezoea kusikia kitu kimesimama.

Jumanne saa tano na nusu mkaguzi aliingia, mwanamke mwembamba mwenye miwani, fomu mkononi na viatu vipya vyeusi. Mwalimu mkuu alisimama nyuma ya darasa, mikono mgongoni. Watoto wakaamkia, wakaketi. Mkaguzi hakuwa na muda wa mchezo. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la mbele upande wa dirisha, akamuuliza wa kwanza jina na umri wake, akapata jibu safi. Wa pili, shule iko wapi. Wa tatu, leo ni siku gani. Yote safi, kila herufi imetulia, na mwalimu mkuu kule nyuma akaanza kutabasamu. Mkaguzi akapiga hatua moja, akakuta nafasi tupu kwenye benchi, akapiga hatua nyingine.

Hapo ndipo Bi Mlango alipoona alichokifanya. Alikuwa amewaza jambo moja tu, kumwondoa mtoto. Hakuwaza kwamba swali la nne halitaondoka naye.

“Unaishi na nani nyumbani?” mkaguzi alimuuliza wa tano.

Watoto wale walikuwa hodari. Siku yoyote nyingine wangemjibu na kumwongezea habari za majirani. Lakini walikuwa wamefundishwa kwamba leo kila mtu ana jibu lake, na mtoto wa miaka minane ukimpa kitu chake atakitunza mpaka akitoe.

“Ana miguu minne, pembe mbili na mkia mmoja,” alisema wa tano.

Mkaguzi aliinua nyusi. Akageukia wa sita. “Nieleze kuhusu ng'ombe.”

“Ninaamka saa kumi na mbili, ninapiga mswaki, kisha ninavaa sare.”

“Na wewe, unafanya nini kabla ya kuja shuleni?”

“Tunanunua nyanya, vitunguu na sabuni ya kufulia.”

“Sokoni mnanunua nini?”

“Ninamwambia mama, naye ananipeleka kwa daktari.”

“Ukiugua unafanya nini?”

“Ninataka kuwa rubani,” alisema wa tisa kwa sauti kubwa na matamshi ambayo hayakuwa na doa, akaketi.

Mwalimu mkuu alikuwa amefumba macho. Mkaguzi alishusha fomu yake taratibu akamtazama Bi Mlango, na Bi Mlango akasikia maji yamemfika shingoni. Kisha, na hili ndilo lililomtofautisha na wengi wetu, alipofikwa kabisa hofu ilimwisha. Stoo ilikuwa mbele yake tayari. Hakubakiwa na kitu cha kuficha, au ndivyo alivyojiambia.

“Mama mkaguzi,” alisema, “watoto hawa hawana kosa. Maswali yako nilikuwa nayo, na majibu nimewakaririsha mimi kwa mpangilio wa kukaa. Leo mmoja hayupo, basi kila mtu amepata swali la jirani yake. Hayo uliyoyasikia ni yangu. Kama unataka kusikia ya kwao, ngoja kengele, ukae kwenye kiti changu.”

“Mheshimiwa, ratiba…” mwalimu mkuu alianza.

“Kengele ni saa ngapi?” mkaguzi aliuliza.

“Sita na nusu.”

“Nitangoja. Na kukaa nitashukuru.”

Kengele ilipogongwa kiti kiliwekwa ubavuni mwa mlango, mkaguzi akakaa. Bi Mlango alisimama ukutani, akawaambia watoto neno moja tu, “Zenu.” Kiranja akatoka nje, akahesabu hatua tatu, akageuka. Ungeliona darasa lile ungesema limevuliwa koti lililobana.

“Dada yangu ameng'oa jino kwa uzi na kitasa cha mlango.”

“Nimesikia. Pita.”

“Jirani yetu hutusalimia siku ambazo mkewe hayupo tu.”

“Nimesikia. Pita.”

“Tumekariri majibu ya leo wiki mbili mpaka nimeyaota,” alisema wa tatu, na mwalimu mkuu akapata kikohozi.

“Huyu mgeni viatu vinambana, kwa sababu ametoa kisigino nje,” alisema mwingine. Mkaguzi akatazama chini, akakuta ni kweli, akakiacha kisigino palepale. Alikuwa amesahau fomu. Alikuwa akiinama mbele kila mtoto akifika, akisikiliza th na dh na ng' zikipita mbele yake bila kukwaruza, na sentensi zikija na wapishi wao. Wa tisa alisema kwamba hataki kuwa rubani, anataka kuuza samani kama mjomba wake. Mlango ulikuwa umepona. Bi Mlango aliliona hilo kama anavyoona mtu mzoefu kwamba chapati sasa imeiva.

Watoto thelathini na watano walikuwa wamekwisha kutoka alipomwona Taratibu.

Alikuwa amesimama uwanjani nyuma ya wenzake, ndani ya sare aliyojivalisha mwenyewe, vifungo vimepishana kimoja, ndala miguuni. Dukani kwa mama yake kuna dirisha, na dirisha lile linatazama lango. Alikuja mpaka kizingitini, akamtazama mwalimu wake.

“Foleni inaanzia ndani,” alisema Bi Mlango. Mtoto akapita chini ya mkono wake, akaenda kusimama mwisho wa mstari. Watano waliobaki walipita mmoja mmoja. Akabaki yeye.

“Huyu ndiye asiyekuwepo?” mkaguzi aliuliza.

“Ndiye.”

“Mama,” alisema Taratibu. Mkaguzi alijiweka sawa kitini, akafungua mdomo kumsaidia, akaona watoto arobaini nje wametulia kabisa bila kumtazama mtoto kwa huruma, akaufunga. “Amesema,” alisema Taratibu. “Leo. Hakuna. Shule.” Gari lilipita barabarani, likaenda zake. “Lakini. Mimi. Nimewaona. Wenzangu.” Alimeza mate. “Dirishani.”

“Nimesikia,” alisema aliyekuwa hatua tatu nje. “Pita.”

Maneno kumi. Mtoto alitoka, akahesabu hatua zake, akasimama. Mkaguzi alipangusa miwani yake kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

“Mwalimu mkuu,” alisema, “foleni hii inachukua dakika ngapi?”

“Kumi na nane, mheshimiwa. Nilikuwa na mpango wa…”

“Mwongezee mbili, kwa ajili ya huyu. Nitaliandika.” Akafungua kalamu. “Ila mama yake ndiye nataka kumsemesha. Mtoto kama huyu hadanganywi kwamba hakuna shule akabakizwa nyumbani. Anaitwa nani, anafanya kazi wapi?”

Mwalimu mkuu alinyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya barabara.

Bi Mlango alikuwa ameshinda. Alichopaswa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakuhitaji matamshi. Fundi cherehani asingemtaja. Angesema “samahani, mheshimiwa,” akaendelea kushona. Lakini ng'ambo ya barabara cherehani lilikuwa likilia, na yeye alikuwa amesimama ndani ya chumba ambacho kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyetoka bila sentensi. Aliondoka ukutani, akaenda kusimama mahali foleni inaposimama, mbele ya kiti chake mwenyewe.

“Bado mmoja,” alisema.

Mkaguzi alimtazama bila kuelewa. Watoto walielewa mara moja, wakasogea.

“Mama yake hana kosa,” alisema Bi Mlango, akaitamka kila herufi kwa ajili ya masikio yaliyokuwa hatua tatu nje, “kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda kumwomba asimlete mtoto leo, nikiogopa kwamba atanichelewesha mbele ya mgeni.”

Ilikuwa ya kweli. Ilikuwa kamili. Mwalimu mkuu alishika kichwa. Mkaguzi aliinua kalamu yake, halafu akaona kwamba watoto hawamtazami yeye wala mwalimu mkuu. Wanamtazama aliyetangulia kutoka. Akaiweka kalamu chini akangoja.

Taratibu alisimama pale juani na vifungo vyake vilivyopishana. Alimtazama mwalimu wake. Hakukunja uso, hakulia. Bi Mlango aliujua ukimya ule, aliupima mwaka mzima akiwa kwenye kiti, na hakuwahi kujua jinsi ulivyo mrefu kwa aliyesimama. Hakuna aliyemmalizia mwenzake.

“Nimesikia,” alisema mtoto.

Kisha kimya tena. Ungeweza kufunga kamba za viatu vyote viwili. Machozi yalimtoka Bi Mlango, hakuyafuta, kwa kuwa anayengoja hutulia.

“Pita. Mwalimu.”

Mkaguzi akafunga kalamu yake. Kwenye ile fomu ziliandikwa dakika ishirini, na jina la fundi cherehani halikuandikwa popote, lakini hayo Bi Mlango aliyasikia wiki iliyofuata. Saa ile alivuka kizingiti, akainama akafungua vifungo vya sare ile akavifunga upya kimoja kimoja, akamshika mtoto mkono. Wakavuka barabara pamoja kwenda kwa fundi, na njiani mwalimu alikuwa akiipanga sentensi yake.